Masizi ya Kupaka na Masizi ya Kazi

Miongoni mwa vijana wanaojifunza kupiga picha hapa Lilongwe na kule kambini Dzaleka, umeenea mtindo ambao wengi wameupokea kwa shangwe. Kijana huenda Tsoka, kwenye soko lililo karibu na Mto Lilongwe, akampiga picha fundi wa bati au mchomeleaji wa vyuma kwa simu yake. Kisha huiondolea picha ile rangi zake zote, akaitia kiza pembeni, akainyunyizia chembechembe na mikwaruzo iliyokwisha tengenezwa ndani ya programu, akaiita kazi ya sanaa. Watazamaji husifu: "Picha hii ina ukali! Picha hii ina jasho!" Sisi twasema kwamba jasho lile ni maji ya kunyunyiza, na masizi yale ni ya kupaka.

Makala haya yanakusudia kuupinga mtindo huo. Hatupingi picha nyeusi na nyeupe. Tunaipenda na tunaitetea. Wala hatupingi ukali. Kazi za viwandani na karakanani ni kali, na picha iliyo laini mno huzisingizia. Tunachopinga ni imani kwamba ukali ni kitu cha kuongezwa mwishoni, kama pilipili juu ya chakula kilichokwisha iva. Na kwa kuwa imani hiyo hiyo ndiyo inayoharibu insha za wanafunzi wetu, hatuoni kuwa tumetoka nje ya uwanja wetu kwa kulizungumza jambo hili mbele ya walimu wa Kiswahili.

Chembechembe zilitoka wapi?

Yafaa kwanza tukumbushane asili ya alama hizi zinazoazimwa. Filamu ilipakwa chumvi za fedha, ambazo hubadilika ziguswapo na mwanga. Filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali penye mwanga haba ilikuwa na punje kubwa zaidi. Mpigapicha aliyeingia katika karakana yenye giza, asiyetaka kumshtua fundi kwa taa ya kamera, alilazimika kuchagua filamu ya namna hiyo. Mwanga ulipozidi kupungua, aliipiga filamu ya kipimo cha 400 kana kwamba ni ya 1600, kisha akaiacha katika dawa kwa muda mrefu zaidi wakati wa kuisafisha. Matokeo yake yalikuwa chembechembe zilizoonekana wazi, weusi uliomeza vitu vilivyokuwa kivulini, na weupe uliopita kiasi penye cheche. Alama hizo zilikuwa ushahidi. Zilisema kwamba mtu alisimama mahali pale, katika mwanga ule ule aliofanyia kazi fundi.

Leo alama hizo zapatikana kwa kidole kimoja, hata kwa picha iliyopigwa adhuhuri peupe. Ni kovu lisilo na jeraha. Wala hatusemi turudi wote kwenye filamu na chumba cha giza; dawa zake ni ghali na adimu, nasi hatuabudu vifaa. Simu nayo ina ukali wake wa haki. Ikipigiwa gizani hutoa vumbi lake yenyewe, na mwanga wa mtambo wa kuchomelea huishinda nguvu. Mwenye simu na aujue udhaifu huo, aupunguze mwanga anaouingiza ili cheche zibaki na umbo lake, akiache kivuli kiwe kivuli. Ukali utakaopatikana hapo utakuwa umezaliwa hapo. Bali aliyeazima mikwaruzo ya filamu ambayo hakuwahi kuishika, huyo amevaa nguo ya marehemu asiyemjua.

Mtindo huzaliwa na nini?

Wapo watakaotuuliza: ikiwa mtindo haupatikani kwa programu, basi hupatikana wapi? Jibu letu ni kwamba mtindo huzaliwa na swali ambalo mtu analiuliza kwa muda mrefu mahali pamoja. Na tutazame walivyofanya waliotutangulia.

Lewis Hine, Mmarekani, alikuwa mwalimu wa shule mjini New York kabla ya kuwa mpigapicha wa kazi. Alianza kwa kuwapiga picha wahamiaji waliokuwa wakishuka katika kisiwa cha Ellis. Mwaka 1908 aliacha ualimu, akaajiriwa na kamati ya kitaifa iliyopinga ajira ya watoto. Aliingia katika viwanda vya nyuzi, viwanda vya vioo na migodi ya makaa ya mawe, mara nyingine kwa kujisingizia shughuli isiyo yake. Lakini hakuishia kupiga picha. Aliuliza umri wa mtoto, akaandika kazi yake, akakadiria kimo chake kwa kulinganisha na vifungo vya koti alilovaa yeye mwenyewe. Swali lake lilikuwa moja: mtoto huyu ni mdogo kiasi gani mbele ya mashine hii? Kwa sababu hiyo katika picha zake mtoto husimama kando ya mashine ndefu, nasi hatuhitaji kuelezwa zaidi. Ukali wa picha hizo umetokana na kipimo. Hakuna mkwaruzo wa kupaka ambao ungeziongezea nguvu.

Chukueni pia mfano wa Bernd na Hilla Becher, mume na mke, Wajerumani, ambao tangu mwaka 1959 walipiga picha minara ya maji, matanuri ya chuma na mitambo ya migodini. Wao walingoja siku ya mawingu ili kivuli kisiwepo, wakasimama mbele ya kila mnara kwa namna ile ile, miaka nenda miaka rudi. Picha zao ni shwari kabisa, hazina hata chembe ya fujo. Na hata hivyo hakuna azionaye asitambue ni za nani. Basi ukali wa kiza si sharti la kuwa na mtindo. Sharti ni uaminifu kwa jambo linalotazamwa.

Anayeigwa kuliko wote ni Sebastião Salgado, Mbrazili aliyefariki mwaka 2025. Wamwigao huona weusi wake tu. Hawaoni kwamba alikuwa mchumi kabla ya kuishika kamera kama kazi. Wala kwamba picha zake za mgodi wa dhahabu wa Serra Pelada ni za mwaka 1986, ilhali kitabu chake juu ya wafanyakazi hakikutoka hadi mwaka 1993, baada ya kuzunguka nchi nyingi, Rwanda na mashamba yake ya chai ikiwa mojawapo. Wako waliomlaumu kwamba aliipendezesha taabu kupita kiasi, na lawama hiyo si nyepesi. Lakini ikiwa yeye aliyekaa miaka na wafanyakazi hakusalimika na lawama, ataponea wapi yule aliyepita Tsoka kwa dakika tano?

Kwa wasomaji wetu waliotoka Kongo, mfano ulio karibu zaidi uko Lubumbashi, mji uliojengwa juu ya shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1967 mali zake zikawa za taifa, chini ya kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines. Sammy Baloji, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1978, alitoa mwaka 2006 mfululizo wa picha uitwao Mémoire. Alipiga picha mabaki ya viwanda vile, mapaa yaliyotoboka na vyuma vilivyoliwa na kutu, kisha akaweka mbele yake watu waliokatwa kutoka katika picha nyeusi na nyeupe za enzi ya Wabelgiji: wafanyakazi Waafrika na mabwana wa Kizungu. Hapo weusi na weupe una kazi. Ni sauti ya waliotangulia, wanaorudi kuuliza jasho lao lilikwenda wapi. Na tamasha la picha lililoanzishwa Lubumbashi mwaka 2008, naye akiwa miongoni mwa waanzilishi, lilipewa jina la Kiswahili, nalo ni Picha. Mji uliotuandikia historia yake kwa Kiswahili mwaka 1965, kwa mkono wa André Yav na watumishi wa nyumbani wenzake, haukuona haya kuuita ufundi huu kwa lugha yetu.

Je, Malawi ina viwanda?

Tumewahi kusikia hoja kwamba picha za viwanda si zetu, eti kwa sababu hapa hakuna tanuri la shaba wala mnara wa mgodi. Hoja hii ni kasumba. Kanengo, kaskazini mwa jiji, ndiko inakopigwa mnada tumbaku ambayo imeibeba nchi hii miaka mingi; huko yako marobota, maghala, vumbi na vifua vinavyokohoa. Tsoka nako bati la pipa hukunjwa likawa mbaula, na chuma kilichotupwa na tajiri hurudi mjini kikiwa kufuli, bawaba au mguu wa kitanda. Hicho ni kiwanda, ila hakina ukuta wala bendera.

Tena watu wa nchi hii wanaijua migodi kuliko wengi. Vizazi kwa vizazi walikwenda Afrika Kusini kwa mkataba wa Wenela. Tarehe 4 Aprili 1974 ndege iliyokuwa ikiwarudisha wachimbaji ilianguka Francistown, Botswana, wakafa watu 78, na Rais Banda akasimamisha uandikishaji wa wafanyakazi hao. Anayetaka kujua migodi ile iliwapokeaje watu, na afungue kitabu cha Ernest Cole, House of Bondage, cha mwaka 1967, kilichopigwa marufuku Afrika Kusini. Humo mna picha ya wanaume waliosimamishwa uchi ukutani, mikono juu, wakikaguliwa afya kama ng'ombe mnadani. Picha ile ni nyeusi na nyeupe, nayo ni kali. Ukali wake ulikuwamo chumbani kabla ya kamera kuingia.

Giza lenye kazi

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote. Dzaleka iko wilayani Dowa, chini ya kilomita 50 kutoka Lilongwe. Wakati wa utawala wa Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Jina lenyewe lahusiana na kitenzi cha Kichewa kuleka, yaani kuacha. Mrundi na Mnyarwanda hulitambua mara moja, kwa kuwa kwao ni kureka. Mwaka 1994 pakageuzwa kambi ya wakimbizi. Paliandaliwa kwa ajili ya watu wapatao 10,000 hivi, na sasa pana zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, ambao Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, kanisani na msikitini.

Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na mkataba wa kimataifa wa wakimbizi, iliweka masharti ya kutofungwa na vifungu kadhaa, vikiwamo vya ajira na vya uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warudi Dzaleka. Maduka yakafungwa, watu wakakamatwa. Katika hali kama hiyo, uso wa fundi ulioonyeshwa wazi, pamoja na jina la soko na tarehe, waweza kuwa hati ya mashtaka. Mpigapicha hupata sifa, na fundi hupata polisi. Neno tsoka kwa Kichewa maana yake ni mkosi. Basi tusiwe sisi tunaowaletea watu mkosi huo kwa kamera.

Hapa ndipo picha nyeusi na nyeupe inapoweza kutuonyesha thamani yake. Mpige fundi akiwa ameupa mgongo mwanga wa mlango, naye atakuwa umbo jeusi lisilo na jina, lakini nyundo yake itaonekana, na mkunjo wa mgongo wake utaonekana, na uzito wa kazi utaonekana. Piga mikono, maana mkono wa mfua bati una historia iliyoandikwa kwa makovu. Piga viatu. Piga cheche zikiwa ndiyo taa pekee. Weusi wa namna hii ni stara. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Fundi wetu huchuma kivulini na hula kivulini, na mpigapicha hana ruhusa ya kumburura juani kwa ajili ya kupendezesha ukuta wa ukumbi. Kijana akichagua giza kwa sababu hiyo, giza lake ni la kwake, na mtindo wake umeanza. Akilichagua kwa sababu wengine wamelichagua, amenunua mtumba.

Lakini tusikosee upande wa pili. Wapo mafundi wanaotaka kuonekana, na wanayo haki hiyo. Kuna picha za huruma, zinazomwonyesha mkimbizi akiwa amekaa chini na kunyoosha bakuli, ambazo zimewachosha watu wa Dzaleka. Kuna na picha za uzinduzi, ambamo mheshimiwa hukata utepe mbele ya mashine na mfanyakazi hukatwa kwenye ukingo wa picha. Aliyechoshwa na uongo wa aina hizo mbili akitaka asimame mbele ya kamera akiwa na koleo mkononi na kichwa juu, hapana budi apigwe hivyo, kwa mwanga wa kutosha. Njia ya kujua ni moja tu, nayo ni kumwuliza, na kungoja jibu, na kulitii. Programu ya simu haiulizi.

Asiyejua jina la kitu

Na sisi walimu tuna sehemu yetu katika kosa hili. Mpeni mwanafunzi picha ya karakana na mumwambie ataje vitu anavyoviona. Atasema: "Naona mtu, naona chuma, naona vyombo." Chombo gani? Hajui. Hajui kuwa kile kipande kizito kinachopigiwa chuma ni fuawe, na kile kinachokibana ni jiliwa. Kwamba kinachokata chuma baridi ni tindo, kinachokwaruza ni tupa, kinachounga bati kwa moto ni lehemu, na kinachochochea makaa ni mivukuto. Hajui kwamba takataka inayobaki chuma kikiyeyushwa, lugha yetu haikuona haya kuiita mavi ya chuma. Maneno haya yote yamo katika kamusi zetu, lakini tumeyaacha humo yalale, tukamfundisha kijana kusema machweo yamepamba upeo wa macho. Mtu asiyejua jina la kitu hukitazama asikione. Na asichokiona hawezi kukipiga picha, atakipaka masizi tu.

Ugonjwa huu ndio ule ule unaotusumbua katika insha. Mwanafunzi hufungua kwa methali mbili, akatia misemo mitatu ambayo haina haja, akachomeka neno gumu kila mstari, kisha akadhani amepata mtindo. Nasi humpa alama! Tunamsahihishia upatanisho wa ngeli na kuliacha pambo lisilo na kisa. Tukimzoesha hivyo darasani, twashangaa nini akiifanyia picha vile vile?

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa kwamba sanaa ni huru. Naam, ni huru. Lakini uhuru wa kusema si uhuru wa kusingizia, na kumpaka mtu taabu asiyokuwa nayo ni kumsingizia. Tutaambiwa kwamba Tsoka imejaa rangi, vitenge na ndoo za plastiki na mitumba, na kwamba kuiondolea rangi ni kuikana. Hoja hii twaiheshimu. Anayepiga picha za furaha ya soko na apige kwa rangi. Lakini aliyekusudia kuonyesha kazi ya chuma atagundua kwamba ndoo nyekundu iliyo nyuma hulivuta jicho na kulinyang'anya nyundo. Rangi ikiondoka, hubaki umbo, uzito na mwanga. Aondoe rangi kwa sababu hiyo, nasi tutamwunga mkono. Mwisho tutaambiwa kwamba vijana hawana muda wala vifaa. Vifaa tumekwisha visema. Kuhusu muda, fundi wa bati hakujifunza kukunja ukingo wa mbaula kwa siku moja. Kwa nini anayempiga picha adai njia ya mkato?

Basi pendekezo letu kwa walimu wenzetu ni hili. Badala ya kumpa mwanafunzi mada ya insha iliyokwisha chakaa, mpeni karakana moja na muhula mmoja. Aende mara kwa mara, na mara ya kwanza aende bila kamera. Ajifunze kwa fundi majina ya zana, kwa Kiswahili na kwa Kichewa, na kwa lugha ya kwao fundi ikiwa ni nyingine. Aombe ridhaa. Ndipo apige picha, chache, nyeusi na nyeupe, bila kuziongezea chochote ambacho hakikuwapo. Na chini ya kila picha aandike sentensi tatu za Kiswahili sanifu zinazosema kinachofanyika, kwa chombo gani, na kwa nini. Fundi asomewe sentensi hizo kabla ya mtu mwingine yeyote kuziona. Akisema si kweli, zifutwe, na picha irudiwe. Baada ya hapo ndipo mwalimu na atoe alama.